Kuku Watatu wa Mama Mwanvua

Ijulikane kwa watu wote wa Kasongo na wa Kabambare, wanaume na wanawake, wenye kazi na wasio na kazi: Leta imemtambua Mwanvua binti Abedi, mzaliwa wa Kasongo, mwenye nyumba ya wageni ya Wamaza katika barabara ya Kabambare. Kwa miaka kumi na minne ameiongoza nyumba hiyo kwa moyo, kwa nia safi na kwa kuwajali watu. Katika muda huo wote hakuna mtu, mgeni ao mfanyakazi, aliyetoka katika mlango wake akiwa na manung'uniko. Kwa hiyo atapewa cheti cha sifa, mbele ya watu, barazani pake, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, mwaka 1956. Mwenye neno la kupinga alilete bilo kabla siku kumi na tano hazijapita.

Tangazo hilo lilisomwa sokoni Kasongo mara tatu, na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti. Likabandikwa pia kwenye ubao wa bilo, ofisi ya serikali, kati ya tangazo la mbwa na tangazo la pamba. Hakuna sababu ya kulitilia shaka. Leta, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji, haikuwa na desturi ya kusema uongo katika karatasi yenye muhuri. Ilifungua kitabu cha mashitaka, ikatafuta jina la Mwanvua, haikulikuta. Aliyekuwa na haki ya kushitaki hakuwahi kuja, na hilo si kosa la kitabu.

Mwanvua alizaliwa Kasongo katika mtaa wa Wangwana, watu ambao mababu zao walikuja na biashara ya Waarabu, ao walichukuliwa nayo. Baada ya vizazi viwili kila mmoja alikumbuka kwamba walikuja. Aliolewa na Sefu, mchuuzi wa chumvi na ndagala, samaki wadogo wakavu, akawa anasafiri naye. Mwaka 1941, walipofika Wamaza, Sefu alishikwa na homa. Alikufa siku ya tatu, juu ya kitanda cha mkulima mmoja ambaye hawakumjua, na ambaye alilala chini siku zote tatu bila kuuliza wageni hawa ni nani. Mwanvua alimzika mume wake palepale. Ndugu walipokuja kumchukua, alisema hawezi kumwacha Sefu peke yake kati ya watu wasiomjua. Ndugu waliona ni maneno ya msiba, wakamwacha ayaseme mpaka yaishe. Mwaka uliofuata alikuwa bado pale, na nyumba ya vyumba vitatu.

Ilikuwa wakati wa vita. Leta ilitaka mpira, ilitaka pamba, ilitaka barabara, na vyote hivyo vilitembea kwa miguu ya watu. Kwa wazungu kulikuwa na nyumba za kupumzikia kila kituo, zenye nyavu za mbu na mlinzi. Wengine walilala walipoangukia. Mwanvua aliwafungulia mlango. Utaratibu wake haukuandikwa popote, lakini ulijulikana kutoka Kasongo hadi Kabambare: kwanza maji ya miguu, kisha maji ya kunywa, kisha chakula, na baada ya chakula ndipo mgeni anaulizwa jina lake na anakoelekea. Kila Jumamosi vitanda vilitolewa nje, vikamwagiwa maji ya moto katika nyufa, ili kunguni wajue kwamba wao si wageni. Alisema afadhali mtu aondoke akilaumu mchele kuliko aondoke akijikuna.

Wafanyakazi wake walikuwa watatu, na alikula nao katika sinia moja, baada ya mgeni wa mwisho kushiba. Jambo hilo lilisemwa sana kule Kasongo, na si kwa kumsifu. Mwanamke wa Kingwana anatia mkono katika chakula pamoja na Mubangubangu, mtu wa kabila la huko, mwenye msalaba shingoni. Mwanvua alisikia, akaendelea kutia mkono.

Mwenye msalaba alikuwa Pascaline, mpishi, mzaliwa wa Lusangi. Alifika Wamaza mwaka wa kwanza wa nyumba, nyuma ya mume wake Zéphirin aliyekuwa anatengeneza barabara, akiomba kazi yoyote isiyokuwa ya barabara. Mwanvua alimfundisha wali wa Kasongo, ule ambao kila punje inajisimamia. Pascaline alimfundisha sombe, majani ya muhogo kwa karanga, ambayo wenye kamyo walisimamishia gari hata kama hawakuwa na njaa. Alipojifungua mtoto ambaye hakukaa, alilala mwezi mzima, na Mwanvua ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, akampikia uji, akamfulia nguo. Wageni wa mwezi ule walikula wali ulioshikana na hawakuambiwa sababu.

Mfanyakazi wa pili alikuwa Faida, wa kufagia na kutandika. Wa tatu alikuwa Sumaili, na Sumaili ndiye aliyeshika kisu. Jambo hili ni lazima lieleweke vizuri. Wakristo wa huku kwetu hawajali nani kachinja kuku. Waislamu wanajali sana. Kwa hiyo katika nyumba inayolisha wote, anachinja Muislamu, na wote wanakula bila kutazamana. Nyama isiyopita katika mkono huo inaitwa kibudu, na nyumba iliyolisha watu kibudu inafungwa bila Leta kuifunga. Zaidi ya hapo, kila binti wa Kingwana alifundishwa tangu utoto kwamba mwanamke hachinji. Akichinja, nyama imeharibika. Mwanvua hakuwahi kuuliza imeandikwa wapi, kama vile hakuna anayeuliza imeandikwa wapi kwamba mtu anaingia nyumbani kwa mlango.

Katika mwezi wa saba, mwaka 1948, monitere wa pamba, msimamizi wa mashamba, alipita, akaona majani yasiyopaliliwa katika shamba la pamba la Sumaili, akampeleka gerezani siku saba. Ilikuwa Jumanne. Siku ya Alhamisi, saa sita za mchana, watu kumi na mmoja wa Kasongo walifika kwa miguu. Kamyo yao ilikuwa imezama katika matope ya mto tangu jana asubuhi, na tangu jana asubuhi hawakuwa wamekula. Walikuwa wanakwenda matangani Kabambare. Aliyewaongoza alikuwa Lukumani, mfanyabiashara wa nguo, mtu mzito wa sauti na wa mwili, na pamoja nao alikuwa Mwalimu Ramazani, aliyesomesha Kurani nusu ya mtaa aliozaliwa Mwanvua.

Nyumbani kulikuwa na ndagala. Kulikuwa na sombe, na mchele, na maharagwe. Mtu mwenye akili iliyotulia angepika hivyo, angesema mchinjaji haiko, wageni wangekula na kushukuru. Lakini Mwanvua aliona haya. Mwalimu Ramazani awekewe ndagala, kama mtu wa barabara, barazani pa binti Abedi. Habari ingefika Kasongo kabla yake. Akatia kisu ndani ya kanga, akaenda nyuma ya jiko, ambako Pascaline alikuwa amekwisha kufunga miguu ya kuku watatu akisubiri aambiwe la kufanya.

Mwanvua alimshika kuku wa kwanza, akatoa kisu. Mkono wake ulikataa. Alijaribu mara ya pili. Kisha akapata wazo, na lilikuwa wazo ambalo lingeweza kuzaliwa Kasongo tu.

"Chinja weye," akamwambia Pascaline. "Miye nitasema jina la Mungu."

Pascaline alitazama kisu. "Mama, na wakiuliza?"

"Watauliza kama chakula kimeiva. Watu wenye njaa hawaulizi kingine."

Ndivyo ilivyofanyika. Ulimi ulikuwa wa Kiislamu, mkono ulikuwa wa Kikristo, na kuku alikuwa wa nyumba. Mara tatu Mwanvua alisema bismillahi, mara tatu Pascaline alikata. Wakapika. Watu kumi na mmoja walikula mpaka mifupa ikang'aa, na Mwalimu Ramazani aliomba aongezewe mchuzi.

Lukumani alikuwa na desturi nzuri. Kila alipokula Wamaza, alimtumia Sumaili kipande cha tumbaku, kwa sababu, alisema, nyama inaanza kwa mwenye kisu. Siku ile, wakati Pascaline amepiga magoti mbele yake na birika na bakuli, anammiminia maji ya kunawa, Lukumani alimwita Faida ampelekee Sumaili tumbaku yake. Faida alikuwa msichana mkweli na asiyewaza mbali. Alijibu kwamba Sumaili haiko, iko gerezani tangu juzi Jumanne.

Lukumani akauliza, taratibu kabisa, nani basi aliyechinja.

Mwanvua alikuwa amesimama mlangoni na sinia tupu. Inasemekana alikuwa na muda wa kutosha kuvuta pumzi mara mbili.

"Miye nilikuwa ndani napepeta mchele," akasema. "Mpishi alifanya haraka yake."

Lukumani akatoa mikono yake ndani ya bakuli kama mtu aliyeguswa na nyoka. Pascaline hakuinuka mara moja. Alimtazama Mwanvua, akamtazama hivyo mpaka maji yaliyobaki katika birika yakamwagika yote. Angeweza kusema mengi. Alisema: "Ni kweli. Ni mikono yangu." Akaweka birika chini, akaenda.

Wageni wengine walisukutua kinywa. Mmoja alikwenda nyuma ya nyumba kujaribu kutapika, hakufaulu. Chakula kilikuwa kizuri. Mwalimu Ramazani aliomba kahawa. Lukumani alisema nyumba inapimwa kwa namna inavyotoa uchafu wake, na akamtazama mwenye nyumba. Kabla ya alasiri Pascaline alikuwa amefukuzwa, akiwa na kikwembe kipya cha kujifunga na kapu la mchele ambalo hakulibeba. Kikwembe pia alikiacha, juu ya jiwe la kusagia, kimekunjwa.

Sumaili alipotoka gerezani alikuta kisu kimeoshwa na kutundikwa mahali pake. Akaelezwa. Akafikiri.

"Miye nilifungwa siku saba sababu ya majani ya pamba," akasema. "Yeye sababu gani?"

Mwanvua alimtuma akapasue kuni.

Sasa lije lile ambalo Leta ililiona vizuri, kwa sababu lilionekana. Habari ilikwenda na kamyo, na njiani ikawa habari ya sifa. Wamaza ni nyumba safi, watu walisema. Pale ukikosea unatoka siku ileile. Waislamu waliokuwa wanalala kwa jamaa zao Kabambare walianza kulala kwa Mwanvua. Vyumba, vilivyokuwa vimefika sita, vikawa vinane, vinane vikawa kumi. Kila aliyepanda barazani alimpongeza kwa alivyomtimua yule mpishi, na kila pongezi ilimkaa kifuani kama kipande cha muhogo mkavu. Aliacha kula kuku. Alisema ni meno. Hakumwacha tena mfanyakazi yeyote ashike birika na bakuli. Aliwanawisha wageni mwenyewe, wote, hata makuli wa kamyo, akiinamisha kichwa, na watu wakaongeza hilo pia katika sifa zake.

Alituma Lusangi kikwembe. Kilirudi na dereva yuleyule, katika mkunjo uleule. Alituma chumvi. Chumvi nayo ikarudi, na katika nchi hii ya kwetu chumvi hairudishwi hivihivi.

Pascaline, kule Lusangi, alifungua chumba cha chakula karibu na kambi ya machimbo. Juma la kwanza walikuja watu kumi na wanne. Juma la pili dereva mmoja alimtambua, akaeleza, na tangu hapo hakuitwa tena Pascaline. Aliitwa Mama Kibudu. Waislamu wa kambi waliacha kuja kwa ajili ya dini. Wakristo waliendelea kidogo, kisha nao wakaacha, kwa kuwa mtu anapenda kula pale wanapokula rafiki zake, na kwa kuwa jina lilichekesha. Akafunga, akarudi kwenye mihogo. Alipopeleka unga sokoni, watoto waliuliza kwa sauti unga huo umechinjwa na nani. Zéphirin alitaka kwenda Wamaza na panga. Pascaline alimwambia akalime nalo.

Miaka minane ilipita hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1956 ajenti mmoja wa Leta, mgeni katika nchi, alilala Wamaza kwa sababu gari lake lilikufa mbele ya mlango. Aliinua godoro, akatafuta kunguni, akakosa. Aliomba choo, akatoka huko na uso wa mtu aliyekuta kitu asichotegemea. Akaandika. Karatasi yake ilipanda ngazi zote za Leta, na iliposhuka ilikuwa tangazo.

Mwanvua alisomewa tangazo na dereva. Aliomba alirudie pale penye mfanyakazi na manung'uniko. Dereva akarudia, akicheka kwa furaha, akamwita Mama Leta. Kesho yake asubuhi alipanda kamyo ya Kasongo, si kwenda bilo. Alikwenda kwa Mwalimu Ramazani, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka na ambaye alimjua kwa sauti.

"Mwalimu," akasema, baada ya salamu zote, "kuku aliyechinjwa na mkono wa Mkristo, na jina la Mungu likasemwa na Muislamu, aliyemla amekula nini?"

Mwalimu aliwaza sana.

"Amekula kuku," akasema.

Kisha akamweleza, bila haraka, kama anavyoeleza mtu aliyesoma jambo zamani na kulizoea. Chakula cha waliopewa Kitabu wanazuoni wamekizungumza sana, wengi wamekiruhusu. Watu wa Kasongo wanashika lenye tahadhari, na yeye pia anashika, pale penye nafasi ya kuchagua. Hapo akageuza uso upande wake.

"Lakini weye ulikuwa na mikono. Sababu gani hukuchinja mwenyewe?"

"Miye mwanamke, Mwalimu."

"Najua. Mwanamke Muislamu akichinja, nyama ni halali. Hilo halina hata ubishi."

Nje, watoto wa chuo walikuwa wanasoma kwa kuimba.

"Siku ile ulikuwa barazani," Mwanvua akasema. "Ulikula. Ulinisikia nilivyosema."

"Nilisikia."

"Ulinyamaza."

"Binti yangu, waliuliza nani alichinja. Hakuna aliyeuliza kama ni halali."

Basi mambo yalibadilika sura. Miaka minane Mwanvua aliamini kwamba alifunika dhambi kubwa kwa uongo mdogo, na alikuwa amejipangia namna ya kuishi na hesabu hiyo. Sasa ameambiwa dhambi haikuwepo. Uongo ulibaki peke yake, hauna kitu cha kufunika.

Alikwenda Lusangi. Alimkuta Pascaline nje ya nyumba, anamenya mihogo, amekonda, msalaba uleule shingoni. Pascaline hakuinuka, kisha akainuka, kwa kuwa malezi yana nguvu, akamletea kiti na maji. Zéphirin alikuwa ndani, amelala ao anajifanya amelala. Mwanvua alieleza yote: haya aliyoiona siku ile, mkono uliokataa, Mwalimu na majibu yake. Alifika mwisho akasema amekuja kuomba radhi.

Pascaline alicheka, na si kwa utamu. "Miaka minane. Kumbe tulikuwa tunakula kuku."

"Rudi, mwanangu. Jiko ni lako. Nitakupa nyumba, weye na mume wako."

"Sitaki jiko." Alichukua muhogo mwingine. "Mama, siku ile ulisemea wapi kama ni miye?"

"Barazani."

"Mbele ya watu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na hapa tuko wangapi?"

Mwanvua akautazama mlango ambao nyuma yake Zéphirin alikuwa amelala.

"Nilipofika kwako nilikuwa na jina langu," Pascaline akasema. "Ndilo ninataka. Zéphirin anajua kama sikukosa, miye najua, weye unajua. Kati yetu watatu hakuna anayeniita Mama Kibudu."

"Siku ya cheti watakuja watu wengi," Mwanvua akasema. "Lukumani atakuja. Nitasema mbele yao. Njoo usikie."

"Nitakuja. Nitasimama barabarani. Mlango wako siuingii."

Mwanvua alirudi na nia iliyokaza. Tena, kwa kuwa hakuamini ulimi wake, aliamua kuupa msaada wa karatasi. Zilikuwa zimebaki siku nne katika zile kumi na tano. Alikwenda bilo kwa Hippolyte, karani aliyekuwa na kalamu mbili mfukoni na aliyejulikana kwa kutotumia ile ya pili, akasema anataka kuandikisha mashitaka juu ya mwenye nyumba ya wageni ya Wamaza.

Hippolyte alifungua kitabu. Akauliza jina la mshitaki. Mwanvua binti Abedi. Akaandika. Akauliza jina la mshitakiwa. Mwanvua binti Abedi. Akaweka kalamu chini.

"Mama, haiwezekani. Iko nafasi mbili, iko lazima watu wawili."

"Andika tu ile kweli."

"Kweli naweza kuandika. Ile haiwezekani ni kuiweka katika hizi nafasi."

Alimuuliza hata hivyo kosa lenyewe ni nini, kwa sababu alikuwa mtu wa huruma, na mchana ulikuwa mrefu. Aliposikia ni kuku, alitafuta katika sheria, akakuta sheria juu ya kuku walioibwa na juu ya kuku wenye ugonjwa. Kuku aliyechinjwa na kuliwa na watu walioshiba hakumkuta. Akashauri mpishi mwenyewe aje kushitaki. Mwanvua akasema mpishi hataki kushitaki, anataka jina lake. Hippolyte akasema majina yanashughulikiwa katika bilo nyingine, na pale wanashughulikia ya watoto waliozaliwa tu. Akafuta jina aliloandika, vizuri, kwa rula.

Jumamosi ya cheti ilifika. Mzungu mkubwa alitoka Kindu, na ajenti wa kunguni, na machifu, na masista wawili, na Lukumani katika kanzu nyeupe pamoja na watano wa wale kumi na mmoja. Wengine wa siku ile walikuwa wamekufa ao wamehama. Faida alikuwa ameolewa mbali. Mwalimu Ramazani alituma salamu na kusema macho yake hayawezi safari. Sumaili alikuwa amechinja mbuzi wawili tangu alfajiri. Ng'ambo ya barabara, peke yake, alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Mwanvua alimwona kabla ya kuona mtu mwingine yeyote.

Hippolyte alisoma cheti. Mzungu alikitoa. Watu walipiga makofi. Mwanvua alipaswa kuinama na kukaa. Hakukaa.

"Nisikilizeni," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini baraza lile lilikuwa limezoea kuisikiliza. "Karatasi imesema hakuna mfanyakazi aliyetoka hapa na manung'uniko. Ametoka mmoja. Pascaline. Miye ndiye niliyempa kisu. Miye ndiye niliyemwambia achinje, na miye nilisimama pembeni nasema bismillahi. Mlipouliza, nilisema nilikuwa ndani. Nilisema uongo, nikamfukuza kwa uongo wangu. Na kuku wale walikuwa halali; Mwalimu Ramazani ataapa. Pascaline hakukosa kitu. Mumwite jina lake."

Mzungu mkubwa alimtazama karani wake. Karani alimnong'oneza kwamba mama anashukuru. Hata hivyo si mzungu aliyeharibu jambo, kwa hiyo tusimsingizie. Lukumani alisimama. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, na mtu akiwa na machozi ya kweli ni vigumu kumzuia.

"Ndugu zangu," akasema, "mumesikia? Miye nilikuwapo siku ile. Nilisikia kwa masikio haya yule mpishi akisema mwenyewe, ni mikono yangu. Alikiri. Na leo, siku ya heshima yake, huyu mama anachukua kosa la yule mtu na kujitwisha yeye, ili yule apate kuishi na watu. Moyo wa namna gani huu? Leta imesema anajali watu. Leta haikusema hata nusu."

"Si hivyo," Mwanvua akasema. "Lukumani, si hivyo. Ni kosa langu."

"Sikilizeni anavyomfunika," Lukumani akasema, na watu wakapiga makofi kuliko mara ya kwanza. Mmoja wa masista alifuta macho.

Sumaili alitoka kwenye moshi wa nyama, akasimama katikati, akasema mama anasema kweli tupu. Akaulizwa alikuwa wapi siku ile. Akajibu: gerezani. Watu wakacheka sana, naye akarudi kwa mbuzi wake.

Mwanvua alitaka kushuka, avuke barabara. Mzungu alikuwa amemshika mkono kwa ajili ya picha, na ajenti wa kunguni, mwenye mashine, alikuwa anaomba kila mtu asitikisike. Ilichukua muda. Chifu mmoja alipepesa macho, ikabidi warudie. Kisha kila mtu akataka kumpa mkono, na wote walimwambia kwamba hawajasikia maneno kama yale tangu wazaliwe, na Lukumani aliapa kwamba atayapeleka Kasongo, Kabambare na Lusangi, neno kwa neno, jinsi mama alivyojitoa kwa ajili ya Mama Kibudu.

Watu walipotawanyika kwenda kwenye sinia, ng'ambo ya barabara hapakuwa na mtu. Pascaline alikuwa amesikia yote mawili, lile la Mwanvua na lile la Lukumani. Kutoka Wamaza hadi Lusangi kwa miguu ni mwendo wa siku nzima na sehemu ya siku ya pili. Aliuenda bila kula.